Kabla ya Kulipia Televisheni, Nyumba na Ishauriane



Katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe siku hizi kuna mashauri yasiyokwisha. Kijana ataka nyumba ijiunge na mojawapo ya kampuni zinazouza filamu na michezo kwa njia ya intaneti, naye asema kwamba wenziwe wote wamekwisha kujiunga. Baba hasemi sana, lakini moyoni akumbuka mechi za Simba na Yanga. Mama ahesabu unga, mafuta na umeme wa LUKU, kisha auliza fedha hiyo itatoka katika fungu lipi. Naye bibi, aliyekaa pembeni na tasbihi yake, auliza neno moja tu: nani ataamka alfajiri?

Sisi twaona kwamba wote wanne wana haki ya kusikilizwa. Wala hatukukusudia katika ukurasa huu kutoa hukumu ya kipi halali na kipi haramu, kwa kuwa jambo hilo lina wenyewe, nao ni masheikh wenye elimu yake. Tulilokusudia ni kuonyesha jinsi nyumba ya Kiislamu iwezavyo kukata shauri hili kwa utulivu, ikijua inanunua nini, kwa bei gani, na kutoka kwa nani.

MABAWABU WALIVYOONDOKA

Wazee wetu wa Pwani watakumbuka kwamba chombo hiki kilichelewa kufika kwetu. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa nayo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa ya wachache, katika nchi ambayo wengi walikuwa bado wanahitaji shule, zahanati na maji. Mpaka ulipofika mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi, kama ITV na DTV, vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam.

Kutoka hapo mwendo ukawa wa haraka. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na neno king'amuzi likazoeleka vinywani mwa watu. Mwaka 2013 ikaanza Azam TV. Tarehe 6 Januari 2016 kampuni ya Marekani iitwayo Netflix ilifungua huduma yake kwa siku moja katika nchi zaidi ya 130, na nchi yetu ikiwamo. Tangu siku hiyo mtu aliyeko Maneromango, akiwa na simu, mawimbi na njia ya kulipa, aweza kuitazama filamu ileile itazamwayo London saa ileile.

Watu husema kwamba yaliyobadilika ni mitambo. Hilo ni kweli, lakini liko badiliko jingine ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalozihusu nyumba zetu. Kila hatua tuliyopiga imemwondoa bawabu mmoja mlangoni.

Kijana aliyekwenda kutazama filamu katika kibanda umiza alitazamwa na mtaa mzima: nani ameingia, ametoka saa ngapi, na kibandani mlionyeshwa nini. Televisheni ilipoingia sebuleni, mtaa uliondoka, lakini wazazi walibaki. Tena katika siku zile za mwanzo kituo chenyewe kilikuwa na saa yake ya kufungua na saa yake ya kufunga. Usiku ukiwa mkubwa matangazo yalikwisha, na watu wakalala wapende wasipende. Sasa filamu imo katika simu, na simu imo chini ya shuka. Mtaa hauoni, mzazi haoni, wala hakuna kituo cha kufunga. Aliyebaki kuwa bawabu ni mtazamaji mwenyewe, naye pengine ni mtoto wa miaka kumi na mitatu.

MFANYABIASHARA HUYU AUZA NINI?

Mwenye duka la nguo hushukuru ukinunua kanga moja ukaenda zako. Mwenye kampuni ya filamu hali yake ni nyingine. Yeye hupokea malipo ya mwezi, na faida yake hudumu maadamu wewe huachi. Basi hapana budi akufanye usiache, na njia ya kukufanya usiache ni kukuzoeza kutazama.

Mwaka 2017 mkuu wa Netflix wa wakati huo, Bwana Reed Hastings, alisema hadharani kwamba mshindani wa kampuni yake ni usingizi. Watu wengine walicheka kwa kudhani ni mzaha. Sisi twaona inafaa kumshukuru kwa ukweli wake. Mfanyabiashara akikwambia kwamba ashindana na usingizi wako, na wewe una Alfajiri ya kuamkia na daladala ya kuwahi, amekwisha kukuarifu kwamba ataka kitu ulicho nacho.

Namna ya kushindana kwenyewe yaonekana. Sehemu moja ya tamthilia ikikwisha, sehemu ya pili huanza yenyewe baada ya sekunde chache, bila ya mtu kugusa kitu. Zamani mtazamaji alipaswa kuamua kuendelea. Leo apaswa kuamua kuacha, na kuamua kuacha ni kugumu zaidi, hasa kwa mtu aliyechoka. Jambo hili laweza kuzimwa katika mipangilio ya akaunti, nasi twashauri lizimwe siku ya kwanza, kabla ya kutazama chochote.

Hebu tufanye hesabu ya wakati. Mtu atazamaye saa mbili kila usiku hutumia saa 730 kwa mwaka. Saa hizo ni siku 30 kamili, usiku na mchana, na zaidi. Yaani ametoa mwezi mzima wa umri wake, urefu wa Ramadhani, bila ya kula wala kulala ndani yake. Sura fupi ya Al-Asr, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema chuoni, huanza kwa kiapo cha wakati. Basi yafaa mzazi amwambie mwanawe kwamba malipo ya televisheni ni mawili: moja hutolewa kwa shilingi, na la pili hutolewa kwa saa. La kwanza laweza kupatikana tena.

NYUMBA MBILI ZA MFANO

Tuchukue sasa nyumba mbili, tuzipime. Ya kwanza iko Kibaha, karibu na Maili Moja, kando ya barabara ya Morogoro. Baba hufanya kazi Dar es Salaam, yapata kilomita 40 kutoka hapo. Huondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi baada ya Isha. Watoto wawili wako sekondari. Umeme upo, na mawimbi ya simu ni ya nguvu.

Ya pili iko katika vilima vya Kisarawe, ng'ambo ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Wenyewe wana mikorosho, minazi na mihogo. Fedha huja kwa msimu, si kwa mwezi. Simu iko moja nzuri, ya kijana mkubwa, na mawimbi hupatikana ukipanda juu na hupotea ukishuka bondeni.

Nyumba hizi mbili zikiuliza swali moja, hazistahili jibu moja.

Filamu ya intaneti huliwa kwa kipimo, kama maji ya bomba lenye mita. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, kutazama kwa kiwango cha chini kabisa hutumia kama gigabaiti 0.3 kwa saa. Kiwango cha kati, kama 0.7, na picha ang'avu ya televisheni kubwa yaweza kufikia gigabaiti 3 kwa saa. Basi saa mbili kila usiku, kwa siku 30, ni saa 60. Kwa kiwango cha chini ni gigabaiti 18, kwa kiwango cha kati ni 42, na kwa picha ang'avu ni mpaka 180. Mwenye nyumba na achukue bei ya bando anayoinunua, azidishe, kisha aongeze ada ya kampuni. Wengi huiona ada peke yake na kusema ni ndogo, wakasahau kwamba ada ni ya kufungua mlango tu, na bando ndilo nauli ya kila safari.

Matangazo ya dishi hayako hivyo. Dishi hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti, na ukishalipa kifurushi cha mwezi, saa moja na saa mia bei yake ni ileile. Mvua kubwa ya masika yaweza kuikata picha, lakini kilima hakizuii, maadamu mbingu ya upande ule iko wazi. Tena mwezi ukikwisha nawe hukulipa, hufungwa tu, hakuna deni. Kwa hiyo nyumba yetu ya Kisarawe, ikiwa lazima itazame, dishi laifaa kuliko intaneti, na italipia mwezi wenye mauzo ya korosho, na kuacha mwezi usio na kitu bila ya kuona haya. Tena ziko chaneli za kitaifa zitazamwazo bila ya malipo ya mwezi, nazo zatosha kwa habari.

Nyumba ya Kibaha yaweza zaidi, lakini nayo yapaswa kujua inanunua nini. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo anayejiunga na kampuni ya filamu ya Marekani kwa ajili ya mechi ya Simba na Yanga ni kama aliyenunua nazi akitaka samaki. Kila mtu nyumbani na aseme kwa jina kile anachotaka kukitazama, kisha iulizwe kama kampuni ile inacho.

Liko na la kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo aliyelipia hupata alichopata asiyelipia.

MALIPO YAJIRUDIAYO NA AKAUNTI ZA MKONONI

Tuna maonyo mawili ambayo wauzaji hawatayataja kwa sauti kubwa. La kwanza ni hili: kampuni nyingi za intaneti hukata fedha katika kadi yako kila mwezi mpaka wewe mwenyewe uziambie basi. Mwezi wa kwanza ulitazama, wa pili ulisahau, wa tatu hukutazama hata kidogo, na fedha imekatwa mara tatu. Basi kabla ya kujiunga, jifunze kwanza jinsi ya kujitoa.

La pili ni la amana. Wako watu wanaouza akaunti kwa bei ya kutupa: neno la siri moja kwa watu kumi wasiojuana. Netflix tangu 2023 imekaza masharti yake, kwamba akaunti moja ni ya watu wa nyumba moja. Anayenunua akaunti ya namna hiyo ameingia katika mkataba kwa mlango wa nyuma, na pengine anachonunua kimeibwa kwa mtu mwingine. Hatujui ni vipi baba atamfundisha mwanawe uaminifu dukani, ilhali televisheni ya sebuleni yawashwa kwa neno la siri la mtu asiyejulikana. Ikiwa nyumba haiwezi bei halali, basi nyumba haiwezi, na hilo si aibu.

HOJA YA VIJANA

Sasa tuwageukie vijana, kwa kuwa hoja yao ina nguvu, wala haifai kuidharau. Wao husema: “Mkikataa nyumbani, tutatazama kwingine. Kibanda kipo, simu ya rafiki ipo. Je, si bora tutazame mbele yenu?”

Hilo ni neno la haki. Nyumba isiyo na kitu cha kuwakusanya watoto wake jioni huwapoteza. Tena katika chombo hiki mna kheri isiyokanushika. Kijana aweza kutazama habari za wanyama, za nyota na za historia, akajifunza jambo ambalo mwalimu wake alikosa muda wa kulieleza. Mzee asiyeweza tena kusafiri aweza kuiona Makka kwa macho yake katika usiku wa Ramadhani, tena mara nyingi bila ya ada yoyote. Ziko darsa katika TV Imaan. Mgonjwa alalaye kitandani mchana kutwa hupata faraja.

Lakini vijana nao waisikilize hoja yetu. Kisarawe ni wilaya ambayo mwaka 2019, chini ya aliyekuwa Mkuu wa Wilaya Bi Jokate Mwegelo, iliendesha kampeni iliyoitwa Tokomeza Ziro, kwa sababu watoto wengi mno walikuwa wakitoka kidato cha nne mikono mitupu. Kibaha ina Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Na hata leo mna shule na maktaba. Mikoa mingine ingetamani jirani kama huyo. Maktaba ile haiji kitandani kwako usiku, wala haifungui kitabu cha pili chenyewe ukimaliza cha kwanza. Yangoja uinuke uende. Basi katika mashindano ya filamu na kitabu, filamu imekwisha kupewa hatua nyingi za mbele, na ni kazi ya nyumba kusawazisha.

Kwa hiyo jibu letu kwa hoja ya vijana ni hili: ikiwa sababu ya kulipia ni kutazama mbele ya wazazi, basi itazamwe kweli mbele ya wazazi. Haifai kuomba ada kwa jina la sebule, kisha kutazamia chumbani.

SHAURI LIKATWE HIVI

Katika Kurani Tukufu iko sura iitwayo Ash-Shura, yaani Mashauriano. Twaomba nyumba iketi jioni moja baada ya Isha, wakubwa kwa wadogo, na karatasi na kalamu, ifuate mpango huu.

Kwanza, yaandikwe masaa kabla ya shilingi. Ziandikwe swala tano, chuo, masomo ya jioni, chakula cha pamoja, na usingizi wa kutosha kwa umri wa kila mmoja. Kinachobaki ndicho cha televisheni. Pengine mtaona kwamba siku za shule hakikubaki kitu zaidi ya nusu saa, na kilichobaki ni Ijumaa usiku na Jumamosi. Hapo jiulizeni kama ada ya siku 30 yafaa kulipwa kwa siku nane.

Pili, zitangulizwe haki za wengine. Deni la duka, mahitaji ya shule, dawa ya mzee, na kitu kidogo cha sadaka kwa jirani, vyote hivyo vina haki kabla ya filamu. Ikiwa kimoja katika hivyo hakijalipwa, shauri limekwisha jikata lenyewe.

Tatu, patajwe mahali. Televisheni ikae sebuleni, na simu zote zilale sebuleni pia. Akaunti ya watoto itengwe na ya wakubwa, na ya wakubwa itiwe namba ya siri. Huduma nyingi zina njia hiyo. Lakini tusidanganyike: namba ya siri huzuia filamu mbaya, haizuii filamu nyingi.

Nne, ulipwe mwezi mmoja tu, nao uwe mwezi wa likizo, kama Juni au Desemba. Mwezi ukiisha mjitoe, mkae tena, mpime: tumetazama nini, tumeacha nini, nani amechelewa kuamka. Wazee wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu naye asikae bure. Aonyeshe alichokifanya nyumbani.

Tano, na hili ndilo zito, sheria iwe ya wote. Baba asiyeweza kuzima mpira adhana ya Magharibi inapoadhiniwa hana ulimi wa kumwambia mwanawe azime tamthilia. Mama anayeacha chungu kiungue kwa ajili ya sehemu ya mwisho hali yake ni hiyo hiyo. Watoto hufuata miguu yetu kabla ya maneno yetu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nyumba itakayofanya haya ikaamua kulipia, hatuna la kuilaumu. Imenunua kitu inachokijua, kwa kipimo inachokiweza. Na nyumba itakayofanya haya ikaamua kutolipia, isijione imebaki nyuma ya ulimwengu. Imebaki na jioni zake, na jioni ndizo zinazowakutanisha waliotawanyika mchana kutwa, huyu Dar es Salaam, huyu shuleni, huyu shambani.

Tunachokihofia sisi ni nyumba ya tatu, ile ambayo haikukaa wala haikuamua. Kijana alijiunga kwa simu yake, baba akanyamaza kwa sababu ya mpira, na mwezi baada ya mwezi fedha ikakatwa na saa zikapita. Nyumba ya namna hiyo imekwisha kuamuliwa na mtu aliye mbali, asiyejua hata majina ya watoto wake.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, atupe busara katika mali tuliyopewa na wakati tuliokopeshwa. Amin.